Mishono Mia na Nane

Aliniletea mpira uliopasuka,
mweupe wa zamani, sasa rangi ya jino la mvuta sigara,
akauweka juu ya kiatu cha nesi nilichokuwa nakitia soli,
hapa kibarazani, Mtaa wa Mindu, ubavuni mwa duka la dawa.
“Mishono mia na nane,” akasema.
“Ukipunguza mmoja, utaruka upogo.”

Sikuwa najua mpira usiopigwa teke.

Reinerio Cabreja. Mtaa ulilichoka jina siku hiyo hiyo,
ukabaki na Rene.
Mkewe daktari wa macho, pale Muhimbili, kwa mkataba;
yeye alikuja kama mzigo wa mkononi
(neno lake hilo, si langu).
Kiswahili chake cha sokoni:
kuhesabu hodari, kuomba radhi taabu.

Nikamuuliza kazi yake ya zamani.
“Miaka kumi na saba nimekaa benchi.”
Nikacheka. Hakucheka.

“Mrushaji wa kwanza huanza na uwanja safi,
chokaa haijafutika, bendi inapiga.
Mimi wa akiba. Huitwa nyumba ikishashika moto.
Vituo vyote vitatu vina adui,
nami natoka bandani natembea.
Ukikimbia, wanajua unaogopa.
Naupokea mpira umelowa jasho la mtu mwingine.
Nikizima, sifa za aliyeanza.
Nikishindwa, gazetini jina langu.”

Nikapitisha uzi wa nta.
Mimi pia, tangu nikae hapa,
sijaletewa kiatu kizima.

Akasimulia Bayamo, mashamba ya miwa hadi ukutani mwa uwanja,
usiku wa fainali, mipira kumi na moja tu,
watu watatu wakarudi kukaa, vichwa chini.
Akasimulia hoteli moja ugenini, Merida:
mtu amebisha hodi usiku na bahasha.
Mwenzake wa chumbani akavaa viatu gizani.
“Mimi nikajifanya nimelala.
Sasa ana nyumba yenye bwawa.”
Na bega?
“Lilitoa sauti.” Akatafuta neno, akaona
mama mmoja dukani akichana doti ya kanga.
“Hiyo,” akasema. “Hiyo hiyo.”

Nilitaka kumuuliza kama anajuta.
Akauliza bei.

Jumamosi nikaenda kuona kazi yangu ikirushwa.
Kiwanja cha shule, vituo ni viroba vya sembe,
rungu la mvule limechongwa Keko,
na watoto wanagombana kwa sheria nisizozielewa.
Sita kwa tano. Viroba vyote vimekaliwa.
Rene akainua kidole, basi,
akatoka Sikudhani, binti wa muuza uji wa getini hospitali,
miguu kama miwa, kofia imemeza masikio.
Hakukimbia.
Nilimwona akitembea, nikaona benchi la miaka kumi na saba
likitembea naye.

Alirusha. Mpira ulianza vizuri,
kisha katikati ya njia ukabadili nia,
ukalegea, ukamfuata mpigaji kama kuku aliyeitwa.
Ukapigwa. Ukavuka ukuta, ukavuka barabara.
Sikudhani akabaki anautazama mkono wake.

Jumatatu Rene akarudi nao.
Akapitisha kidole gumba juu ya mishono, taratibu,
midomo ikihesabu kwa lugha yao.
Mia na saba.
Ni kweli. Uzi ulikuwa umeniishia,
jua limezama, nikafunga fundo nikasema nani atajua.

Hakufoka. Akaweka noti ya elfu mbili kwenye sanduku langu la misumari.
“Mtoto usimwambie.”
“Lakini kosa ni langu.”
“Usimwambie. Akipata wa kumlaumu leo,
kesho nikimwita atatafuta mwingine.”

Akaondoka, bega moja chini kidogo.
Nikauchukua mpira. Ulikuwa na unyevu bado.
Nikaufumua wote,
nikatia sindano.
Moja.